Sakulenti hapa Dar: anza na udongo, maji baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu sakulenti, mimea yenye majani au mashina manene yanayotunza maji, ni hili: nimwagilie mara ngapi kwa wiki? Wengi wanaouliza wameshajijibu wenyewe, wanamwagilia kila Jumamosi wakati wa usafi. Kwa Dar es Salaam ratiba hiyo ndiyo inayoozesha mimea. Chungu kinachokauka kwa siku tatu mwezi Januari, kwenye baraza lenye upepo, kinaweza kukaa na unyevu wiki mbili nzima masika yakikolea. Maelekezo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu, au wa nyumba zenye hita. Huku pwani hewa yenyewe ina maji.

Kwa hiyo habari ya maji naiweka kando kwanza. Udongo unaouzwa kwenye viroba kando ya barabara ni mweusi, umejaa samadi, na kwa mchicha hauna mpinzani. Ukimpandia mshubiri humo peke yake, umemchimbia kaburi. Mimi nachanganya ndoo moja ya udongo huo, ndoo moja ya mchanga wa mto, na ndoo moja ya kokoto ndogo zilizochanganywa na chenga za mkaa. Chenga nazipitisha kwenye chekecheke kuukuu ya unga: vumbi linaanguka chini, vinabaki vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Hivyo ndivyo ninavyovitaka, kwa sababu vumbi la mkaa huziba njia za maji sawasawa na udongo mfinyanzi. Mchanga wa ufukweni uache hukohuko, una chumvi. Ukimaliza kuchanganya, jaza chungu na umimine kikombe cha maji. Yakituama juu, rudi ukaongeze kokoto.

Halafu kuna hii desturi ya kutandaza kokoto chini ya chungu "ili maji yatoke". Hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe makubwa. Hujaa kwanza pale juu ya kokoto, yaani palepale mizizi ilipo. Ni afadhali kokoto hizo ukazichanganya na udongo wote. Kinachohitajika chini ni tundu. Kopo la plastiki lisilo na tundu litoboe kwa msumari uliopashwa moto. Na visahani vya chini, masika yakianza, viondoe kabisa: maji yanayotuama humo yanaozesha mizizi, na juu ya hapo unafuga mbu.

Sasa maji. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka karibu na sakafu ya chungu, subiri kidogo, kivute. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, achana nao. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatiririke chini, kisha usahau. Kikombe kidogo kidogo kila siku ni kibaya kuliko kumwagilia kwa fujo mara moja moja. Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, utaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu. Kinga maji ya mvua uyatumie hayo.

Kuhusu jua, kuna jambo ambalo wapangaji wa ghorofani hawalitilii maanani. Kuanzia Machi hivi hadi Oktoba, jua la mchana hapa kwetu hupita upande wa kaskazini. Novemba hadi Februari linahamia kusini. Kibaraza kilichokuwa na kivuli kizuri mwezi wa sita kinaweza kuunguza majani Desemba. Sogeza vyungu, na mmea uliotoka ndani usiupeleke juani ghafla.

Mimea ya kuchagua? Ukiwa mgeni wa mambo haya, ziache echeveria, zile zenye majani yaliyopangana duara. Asili yake ni nyanda za juu za Mexico, zinapenda usiku wa baridi. Lushoto au Arusha zitakaa vizuri, lakini usiku wa Dar wa Februari unazichosha. Chukua mshubiri, sansevieria (ile yenye majani marefu magumu yaliyosimama), au adeniamu, waridi la jangwani, ambalo ni mwenyeji wa nyika kavu za Kenya na Tanzania. Adeniamu likipukutisha majani wakati wa kipupwe usikimbilie ndoo. Huenda limepumzika tu, mradi shina ni gumu.

Shina likibonyea, hapo kuna kuoza. Mshubiri nao una dalili zake: wenye kiu hukunja majani kwa ndani yakawa membamba, uliozidiwa maji majani hulegea, yanageuka njano, na ukibonyeza kidole kinazama. Ung'oe. Kata kwa kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, kipande baada ya kipande, mpaka nyama iwe safi isiwe na doa la kahawia. Usipande siku hiyohiyo, hata kama mkono unawasha. Weka kivulini penye upepo mpaka kidonda kifanye ngozi kavu. Shina nene la adeniamu linaweza kuhitaji wiki au zaidi. Kisha panda kwenye udongo mkavu, na maji yasubiri siku kadhaa.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mmea, chungulia maungio ya majani. Mara nyingi kuna vidudu vyeupe vyenye unga, vinavyofyonza utomvu na kuwalisha sisimizi sukari. Pamba na spiriti vinatosha ukiwahi.

Ukimkata adeniamu vaa glavu, na vipande vifukie mbali na watoto na mbuzi. Utomvu wake ni sumu kweli; wawindaji wa huku waliupaka kwenye mishale.