Re: Heseltine na kura za 1990

Mambo mkuu. Umekwama kwamba kwenye kura za 1990 za uongozi wa chama cha Conservative cha Uingereza, Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo, alipata kura 204, mpinzani wake chamani Heseltine 152, sasa iweje aliyeongoza ndo aondoke? Hata mimi nilikwama hapohapo nikijiandaa na mdahalo chuoni. Cheki kwanza kanuni ya chama chao: wingi peke yake haukutosha, ilibidi umzidi mwenzio kwa asilimia 15 ya wabunge wote wa Conservative, yaani kura 56 maana walikuwa 372, mama kazidi kwa 52, kapungukiwa nne tu! Mawaziri wake wakaingia mmoja mmoja kumwambia hatoboi, akajitoa. Heseltine, aliyetajirikia majarida ya Haymarket, akaja kupigwa na John Major, aliyemrithi Thatcher, raundi ya pili, 185 kwa 131. Unaibu waziri mkuu Heseltine kaupata 1995.