Herufi zikivurugika kwenye dirisha la amri, usianze kwa kuigusa faili

Swali: Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Kwenye seva yetu ya Linux majina yanasomeka vizuri, lakini nikiifungua faili hiyo hiyo kwa amri ya type katika Windows, Ng’ombeni inageuka NgΓÇÖombeni. Fundi ameniambia kwamba data imeharibika na nilipie programu ya kuisafisha. Je, nilipe?

Jibu: Ndugu msomaji, usilipe chochote. Faili yako ni nzima, na ushahidi umeutoa mwenyewe: seva inaisoma bila shida. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo Word huiweka yenyewe unapopiga chapa, huhifadhiwa katika UTF-8, yaani mfumo wa kuandika herufi za lugha zote kwa namba ziitwazo baiti, kwa baiti tatu: E2 80 99. Dirisha lako la amri linazisoma kwa jedwali la zamani la herufi, namba 437, ambamo kila baiti huhesabiwa kuwa herufi moja, na ndiyo maana E2 inaonekana kama Γ, 80 kama Ç na 99 kama Ö. Andika chcp 65001, ambayo ndiyo namba ya UTF-8, kisha urudie type. Amri hiyo hudumu katika dirisha hilo tu.

Linaloniudhi ni ushauri wa huyo fundi, kwa sababu naletewa kila mara mafaili yaliyokuwa salama hadi mtu alipoyasafisha. Programu za namna hiyo huzichukulia Γ, Ç na Ö kuwa herufi halisi na kuziandika upya kwa UTF-8, na zile baiti tatu zinakuwa sita: CE 93 C3 87 C3 96. Hapo ndipo data inapoharibika kweli, na anayeisafisha mara ya pili huongeza tabaka jingine la uharibifu, mpaka jina la mwenye mzigo lisilingane tena na hati zake. Wengine hubadilisha kila herufi ngeni kuwa alama ya kuuliza, na kilichobadilishwa hivyo hakirudi.

Kwa hiyo, yeyote anayekutana na jambo hili azitazame kwanza baiti zenyewe, kwa Format-Hex katika PowerShell au kwa xxd katika Linux. Akiziona E2 80 99, kasoro iko kwa programu inayosoma. Fonti huhusika zaidi pale panapotokea visanduku vitupu. Katika Linux, amri ya locale ikionyesha kuwa LANG, yaani mpangilio wa lugha na herufi, ni C, weka sw_KE.UTF-8 au C.UTF-8, baada ya kuhakikisha kwa locale -a kwamba ipo kwenye seva. Mpangilio wa LC_ALL uache, kwani hufunika mipangilio mingine yote na kukuficha kosa lilipo. Terminal ya macOS kwa kawaida hutumia UTF-8 tayari. Jihadhari pia na alama ya > inayopeleka matokeo ya amri kwenye faili katika PowerShell 5.1, ambayo huandika kwa UTF-16, mfumo tofauti na UTF-8, na seva yako itashindwa kuisoma faili hiyo kama UTF-8.

Utaelekezwa pia kwenye mpangilio wa Windows unaoigeuza kompyuta nzima kuwa UTF-8. Usiuwashe kwenye mashine ya ofisi kabla ya kuujaribu kwenye nyingine, kwa kuwa programu za zamani za hesabu zinazotegemea jedwali la herufi la Windows namba 1252 zinaweza kuanza kuvuruga majina ambayo hadi leo zilikuwa zikiyaandika sawasawa.