Rejeta inavuja: tafuta tundu kwanza, gundi baadaye

Corolla yangu ilianza kunywa maji mwaka juzi. Kila asubuhi nikifungua boneti pale nyumbani Kimara, chupa ya akiba imeshuka. Najaza, naondoka, kesho yake yale yale, na chini ya gari hakuna hata tone. Jirani akaniambia, "Weka manjano vijiko viwili, itaziba yenyewe." Nikaweka. Ikaziba kweli, na wiki tatu nzima nikawa natamba. Wiki ya nne mshale wa joto ukapanda nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, gari likachemsha katikati ya daladala, nikapigiwa honi mpaka nikatamani kulitelekeza.

Nilipokuja kuivua ile rejeta, ilitapika uji wa njano. Manjano hayachagui: yanaziba tundu, na yanaziba pia vile vijibomba vyembamba ambamo maji hupita ili yapoe. Yai na pilipili manga ni ndugu zake. Ukikwama porini, weka ufike. Lakini nyumbani una muda, una maji, una taa. Haraka ya nini?

Gari lipoe kabisa kwanza. Ndani ya rejeta maji yako kwenye presha, kwa hiyo yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni. Mimi hushika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa wa baridi na ukibonyea, ndipo nafungua.

Halafu tembeza tochi. Kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, ikikauka huacha ukoko, mweupe au wa rangi yake. Angalia kwenye klipu za mipira, chini ya wota pampu, na usiusahau mfuniko wenyewe, maana raba yake ikichoka maji hutoka kidogo kidogo na wewe unaisingizia rejeta. Mfuniko mpya ununue wenye namba ile ile ya presha iliyoandikwa juu ya ule wa zamani, 0.9 au 1.1. Chomoa pia kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, funga boneti utafute fundi. Hapo pengine gasketi ya hedi, inayozuia maji na oili visichanganyike, imekwenda, na si kazi ya kufanyia uani.

Kwangu tochi haikuonyesha kitu, ikabidi niivue. Boliti chache, waya wa feni, mipira miwili mikubwa. Gari la otomatiki mara nyingi lina mipira mingine miwili midogo chini, ya oili ya gia boksi. Izibe mara tu unapoichomoa, na ukimaliza kazi pima oili hiyo. Kulanti ikinge kwenye beseni uifiche. Ina ladha tamu na ni sumu, na mbwa au mtoto hajui hilo.

Kutafuta tundu nilimuiga fundi pancha. Midomo yote ya rejeta niliiziba kwa vipande vya tyubu kuukuu na klipu, kimoja nikakiacha na valvu yake. Nikaizamisha rejeta kwenye karai kubwa la kufulia, nikapiga pampu ya baiskeli mara tano sita tu, maana si tairi hilo. Mapovu yakapanda kwenye tangi la plastiki la juu, chini kidogo ya shingo. Ufa mwembamba kama unywele. Ulikuwa ukifunguka gari likipata moto, na maji yanakauka juu ya injini kabla hayajafika chini.

Rejeta za zamani za shaba zinalehemeka kwa risasi. Hizi za sasa ni alumini na plastiki, risasi ya kawaida haishiki. Nilitumia gundi ya epoksi ya tyubu mbili. Nilikwangua plastiki kwa msasa mpaka ikawa na mikwaruzo, nikaifuta kwa spiriti, nikatoboa vitundu vidogo kwenye ncha mbili za ufa usiendelee kukimbia, ndipo nikapaka. Mara ya kwanza nilisubiri saa sita, ikabanduka kama gamba la samaki. Mara ya pili nikaiacha siku nzima.

Kabla ya kuirudisha niliisuuza kwa mpira wa bustani, maji yakiingilia chini na kutokea juu, mpaka njano ikaisha. Ukijaza, usitumie maji ya kisima cha chumvi, ambayo sisi wa Dar tunayo tele; yanakula chuma. Jaza polepole, washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa, ongeza kadiri maji yanavyoshuka hadi mapovu yaishe na mpira wa chini upate moto.

Gundi yangu ilikaa miezi saba, na ingekaa zaidi kwa safari za kazini. Ila nilikuwa na safari ya Mbeya, na mlima wa Kitonga sikutaka kuupanda na kiraka. Nikaenda Ilala kutafuta rejeta ya mtumba, pampu ya baiskeli kwapani. Muuzaji alicheka sana, lakini beseni akaleta. Ya kwanza aliyonipa ilitoa mapovu sehemu mbili.