Mwili Ukishazoea, Upe Mwezi Mmoja Mgumu

Anayekimbia kila asubuhi kwa njia ileile na mwendo uleule hufika mahali mwili unaacha kumjibu. Jasho linatoka kidogo, pumzi haipandi, mizani haisogei, na akili iko kwenye mambo ya kazini tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Kwangu hali hiyo ilitokea kwenye njia ninayoipenda kuliko zote hapa Mwanza: kuteremka kutoka Isamilo, kukatiza mjini, kuzunguka Capri Point ziwa likiwa upande mmoja na mawe upande wa pili, kisha kurudi kwa kupanda. Kwa uzuri sijaona inayoishinda. Lakini miguu ilikuwa inakwenda yenyewe, na mikono, mgongo na kifua vilikuwa abiria tu.

Ndipo dada mmoja ninayekimbia naye aliponialika kwenye chalenji: mwezi mzima wa mazoezi makali ya mwili wote, tukiyafanya pamoja uani kwake. Imenifaa kweli, na ndiyo maana naandika. Naandika pia kwa sababu naona watu wengi wakizianza chalenji hizi kwa kishindo na kuziacha wiki ya pili, magoti yanauma na moyo umeshakata tamaa. Ushauri wangu mkuu nautoa mapema kabisa: ukali uwe siku tatu kwa wiki, usizidi. Zile ratiba zinazosambaa kwenye simu, za kujitesa siku thelathini mfululizo bila kupumzika, mimi sizikubali, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Zoezi likirudiwa muda mrefu, moyo, mapafu na misuli hujifunza kulifanya kwa gharama ndogo kadiri inavyowezekana. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu hiyo ni faida. Kwa mtu anayetaka nguvu ziendelee kuongezeka, maana yake ni kwamba mwili hauna tena sababu ya kubadilika. Kuongeza dakika kumi za mwendo uleule hakusaidii sana. Kinachouamsha ni kazi ya aina nyingine: uzito zaidi, misuli mingi kwa wakati mmoja, mapumziko mafupi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Hapo wengi wetu tunaokimbia tunatosheka. Ila mwongozo huohuo unataka pia, angalau siku mbili kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli yanayogusa makundi yote makubwa ya misuli. Mchakamchaka peke yake haufiki huko.

Ukitaka kuiona kazi ya mwili wote, nenda Mwaloni kule Kirumba magunia ya dagaa yanapopakiwa. Mpagazi anachuchumaa, anakaza tumbo, anapokea mzigo, anasimama kwa nguvu za mapaja na makalio, kisha anatembea bila kupinda mgongo. Au watazame wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, wanavyorusha majembe, wanavyozunguka, wanavyoinama na kuinuka huku ngoma ikizidi kuchanganya. Hapo kuna pumzi, nguvu na wepesi kwa pamoja. Mazoezi tuliyoyafanya uani yalikuwa ni miondoko hiyohiyo iliyopangiwa muda.

Vifaa vyetu vilikuwa madumu ya maji, mkeka na saa ya simu. Uzuri wa dumu ni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unajua unachobeba na unaweza kuongeza kidogo kidogo. Anayeanza achukue madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono. Akiona mwisho wa zoezi bado anaongea vizuri, wiki inayofuata aende kwenye ya lita kumi, hata kama hayajajaa.

Tulikuwa na mazoezi sita, kila moja sekunde 40 za kazi na 20 za kushusha pumzi, ukihama kutoka moja hadi jingine. Kuchuchumaa na kusimama, dumu likiwa limekumbatiwa kifuani. Pushapu, na kwa ambaye bado hana nguvu za mikono aweke viganja kwenye benchi au ngazi badala ya chini. Usikimbilie pushapu za kupiga magoti, ngazi inakufundisha vizuri zaidi kuuweka mwili ukiwa umenyooka. Kuvuta dumu kutoka chini hadi ubavuni huku umeinama kiunoni na mgongo umenyooka. Hili nalisisitiza kwa sababu chalenji nyingi zina kusukuma tupu, mabega yanabaki yamekunjwa mbele, na sisi tunaoshinda mezani tunahitaji kuvuta kuliko kusukuma. Kisha kupiga hatua ndefu goti la nyuma likishuka karibu na sakafu. Kisha kutembea na madumu yote mawili, kifua mbele, uani kwenda na kurudi. La mwisho lilikuwa bapi, zoezi ambalo kila mtu analiogopa.

Bapi nalo lina habari yake. Limepewa jina la Royal Burpee, Mmarekani wa New York aliyelibuni miaka ya 1930 kama kipimo cha haraka cha afya ya mwili. Alimtaka mtu achuchumae, aweke mikono chini, arushe miguu nyuma, airudishe, asimame. Basi. Halikuwa na pushapu katikati wala kuruka mwishoni, na lilifanywa mara chache tu, kisha mapigo ya moyo yakapimwa. Baadaye jeshi la Marekani likalitumia kuwapima vijana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ndipo marudio yalipoanza kuongezeka. Kwa hiyo mtu mwenye magoti mabaya au uzito mkubwa asione aibu kulifanya kwa namna ile ya kwanza, tena akirudisha miguu nyuma mmoja mmoja bila kurusha. Hilo si bapi la wavivu.

Mizunguko mitatu ya mazoezi hayo, ukipumzika dakika moja na nusu hivi kati ya mzunguko na mzunguko, inatosha kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili tukaongeza mzunguko wa nne. Ya tatu tukaongeza uzito, mizunguko ikabaki ileile. Ya nne tukapunguza mapumziko. Kila wiki tulibadilisha jambo moja tu, kwa sababu ukiongeza vitu vitatu kwa mpigo na kiuno kikauma, hutajua kimesababishwa na kipi. Kabla ya yote kulikuwa na dakika kama kumi za kupasha mwili: kutembea haraka, kuzungusha mabega na nyonga, kuchuchumaa taratibu bila mzigo.

Wengine watakuuliza kwa nini usifanye Tabata, dakika nne na kazi imekwisha. Ni swali zuri. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake huko Japani walichapisha utafiti wa vijana waliofanya mazoezi kwa wiki sita. Kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi kwa mwendo wa wastani, dakika 60, siku tano kwa wiki. Kundi la pili liliendesha kwa nguvu zote sekunde 20, likapumzika 10, likarudia raundi saba au nane mpaka kuishiwa kabisa. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni, lakini ni hili la pili tu lililoongeza pia uwezo wa kufanya kazi kali ya muda mfupi, kwa asilimia 28. Ni matokeo makubwa. Lakini wale walikuwa wanafunzi wa elimu ya michezo, vijana, juu ya baiskeli isiyoanguka. Mama wa miaka arobaini anayeruka kwenye sakafu ya saruji kwa ukali ule anajitafutia jeraha. Ndiyo maana nikachagua sekunde 40 za ukali unaovumilika, nikaacha zile 20 za kufa na kupona.

Utajuaje ukali unatosha? Hapa kwetu kipimo ni rahisi. Nikipanda kilima asubuhi nakutana na akina mama wanaoshuka na mabeseni kichwani, na huwezi kumpita mtu mzima bila salamu. Kwenye mbio zangu za kawaida naitikia kwa Kisukuma "mwangaluka", naulizia na za nyumbani. Kwenye kazi kali nikiweza kutoa neno hilo moja tu, hapo nipo panapotakiwa. Nikishindwa hata hilo, nimevuka mpaka, napunguza.

Sasa mapumziko, maana hapa ndipo watu wananipinga. Misuli inapofanya kazi ngeni hupata michubuko midogo sana, na ni baada ya hapo, ukiwa umelala na umekula, ndipo inapojijenga upya. Maumivu ya kawaida huanza baadaye na hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Kwa hiyo aliyejichosha Jumatatu huenda akaumia zaidi Jumatano kuliko Jumanne. Akipiga kazi kali Jumanne kwa sababu anajisikia mzima, na Jumatano tena kwa sababu ratiba imesema, anaiharibu misuli kabla haijajengeka. Sisi tulikuwa na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku za katikati nilitembea au kukimbia polepole, na Jumapili sikufanya kitu, nikaenda kanisani. Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani nilihesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili. Yakipanda zaidi ya kawaida yako kwa asubuhi kadhaa, mwili unaomba siku ya ziada. Upe.

Chakula hakihitaji unga wa protini wa makopo. Tunaishi kando ya ziwa lenye sato, sangara na dagaa. Sahani ya dagaa na ugali, mboga za majani na choroko inajenga misuli vizuri kabisa. Kabla ya mazoezi ya alfajiri nilitafuna vipande vichache vya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na vilinipa nguvu bila kulijaza tumbo. Chai tupu na kazi kali havipatani. Mtu mwingine ataweza kufanya akiwa hajala, mimi kizunguzungu kilinijulisha kuwa si mwili wangu.

Neno kwa wanaopenda kumalizia ufukweni. Mchanga ni mzuri kwa mazoezi kwa sababu unapunguza mshtuko kwenye magoti na kuyachosha mapaja vizuri. Ila usijipooze kwa kuingia kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwani ndiko wanakoishi konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi hata ukisimama muda mfupi. Oga nyumbani. Kama umeshazoea kuingia, kapime. Dawa ipo na inatibu.

Kuna watu ambao wasianze kabla ya kuonana na daktari: wenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, wajawazito, na yeyote ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka. Kupima presha ni jambo la dakika chache kwenye zahanati yoyote. Na kwa kila mtu, maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi isiyorudi ni dalili za kuacha papo hapo na kwenda hospitali. Vivyo hivyo mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea baada ya mazoezi makali, hasa misuli ikiwa imevimba na kuuma kupita kiasi: hiyo inaweza kuwa misuli iliyovunjika na kumwaga vitu vinavyoumiza figo. Usisubiri kesho.

Akina dada wenzangu mnaosita kwa sababu ya macho ya watu barabarani, uani ndiyo faida kubwa ya mazoezi haya. Tulikuwa wanawake peke yetu, kanga kiunoni mwanzoni, watoto wakituhesabia sekunde kwa sauti. Jirani mmoja, mama mkubwa wa makamo, alianza kwa kutuchungulia, akaishia kubeba madumu ya lita tatu na kuchuchumaa kwenye kiti. Alifanya kila siku tuliyofanya.

Mwezi ulipokwisha nilirudi Capri Point. Kilima cha Isamilo ambacho nilikuwa nakipanda kwa kutembea nusu yake, nikakipanda chote mbio, na mabega hayakuwa yanalalamika. Sikuendelea na chalenji, kwani ukali wa namna ile nao mwili huuzoea na viungo huchoka. Nimebakiza siku mbili za madumu kwa wiki, mizunguko mitatu, na mbio moja kati ya mbio zangu naifanya ya vilima: napanda kwa kasi, nashuka nikitembea. Nikiona miguu imeanza tena kwenda yenyewe, tutaitana uani kwa mwezi mwingine, na safari hiyo tutaanza na kamba ya kuruka badala ya bapi. Wanaotaka kuanza wakati mvua zimeshika, baraza lenye paa linatosha. Angalieni tu sakafu isiwe na maji, na mvae raba.