Ametulia, lakini kichwa hakimkai

*Shangazi, mdogo wangu ana miaka 29. Hospitali walisema ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupandwa na msisimko kupita kiasi kisha kuzama kwenye huzuni, baadaye wakaongeza tatizo la haiba, yaani la namna anavyohisi na kuishi na watu. Sasa ni miezi minane hajapandwa wala hajazama kwenye huzuni, ila anasahau mno. Juzi nilimtuma dukani, akajiandikia kiganjani: unga, mafuta, chumvi. Akarudi bila chumvi. Mama anasema anajifanya. Ukimsema anawaka, baada ya saa moja analia nisimwache. Nimechoka. Dada mtu, Morogoro.*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye kile kiganja. Anayejifanya hajiandikii kiganjani. Huyo anajua mambo yanamponyoka na anapambana kuyashika. Mweleze mama hivyo, kwa upole, maana naye ameumia miaka yote hii.

Wengi tunadhani mgonjwa wa baipola akitulia basi amepona. Sivyo. Hata moyo ukiwa shwari, kwa wengi umakini, kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo hubaki nyuma, mmoja zaidi ya mwingine. Si uvivu, na hajarogwa.

Kuwaka ni jambo jingine. Mawimbi ya baipola hukaa siku, hata wiki. Hasira inayopanda na kuzimika ndani ya saa moja, tena kwa neno la mtu anayempenda, inaelekea zaidi kwenye lile tatizo la haiba. Ila vyote viwili vinagombania kichwa kilekile: akiwa na hofu kwamba unamwacha, chumvi ataikumbukia wapi? Usimhoji akiwa amewaka, ngoja apoe. Ukitoka mwambie unarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo. Ulizeni pia kliniki kama kuna mshauri wa kumfundisha kutuliza hisia, kwa sababu tatizo la haiba hutibiwa zaidi kwa mazungumzo kuliko kwa vidonge.

Sasa dawa. Siku ya kliniki nenda naye na mfuko mzima, umuulize daktari kidonge kimoja kimoja. Artane, ambayo wengi hupewa pamoja na haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, ili mwili usikakamae, inaweza kuvuruga kumbukumbu. Daktari aangalie kama bado anaihitaji. Kama anameza lithiamu, dawa ya kutuliza mawimbi ya baipola, apimwe damu: kiwango cha dawa, figo na thairoidi, ile tezi ya shingoni. Thairoidi ikilegea, mtu huwa mzito wa kufikiri, na hilo linatibika. Mweleze daktari pia mdogo wako analala saa ngapi. Lakini nyumbani msipunguze hata kidonge kimoja. Lithiamu ikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Na akitamka kutaka kufa, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mtume kitu kimoja kwa safari moja. Mnunulie kijidaftari cha mfukoni, aandike kwa mkono wake mwenyewe, na simu imlilie saa ya dawa. Sufuria ikiwa jikoni, asiitwe kufanya jingine.

Umeandika "nimechoka" halafu ukafunga barua, kama vile hilo si la kujibiwa. Hukunitajia kaka, wala shangazi wa damu, wala jirani. Yupo mmoja anayeweza kukaa naye Jumamosi hii, japo mchana tu? Mwombe leo, kabla hujaanza kutafuta sababu za kutomsumbua.