Figo moja, na karatasi ndani ya kanga

Juzi nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Wete. Mwanawe alitibiwa saratani ya damu Muhimbili akiwa mdogo, sasa katimia miaka 18 na kliniki ya watoto si yake tena. Anauliza: "Nimwache aende mwenyewe kwa madaktari wa wakubwa?"

Dada, nikuhadithie yangu kwanza.

Nilitolewa figo ya kushoto kwa saratani nikiwa na miaka minne. Tukipanda boti bandari ya Mkoani, Pemba, tukilala Unguja, asubuhi boti nyengine mpaka Dar. Mama alizifunga karatasi zangu kwenye kipande cha kanga, juu yake mfuko wa nailoni, zisirowe. Daktari akiuliza, anajibu mama. Mimi naangalia vidole vya miguu. Nilikuwa hivyo mpaka miaka 19, naona haya kusema hata leo.

Mama akafariki. Mwaka wa pili mgongo ukaniuma, nikenda kituo kimoja, nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, wiki mbili. Dawa ya kuepukwa na mwenye figo moja! Hawakuniuliza, na mimi sikujua kama nina la kusema. Iliniuma, na inaniuma bado.

Nilipopata mimba, daktari aliona kovu akataka kujua nilipewa dawa gani. Nililia. Usiku ule tukafungua kasha la mama, kanga iko chini kabisa, inanukia udi. Karatasini mlikuwa na doksorubisini, dawa ya saratani, ile dripu nyekundu, ambayo huweza kuudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, na mimba huubebesha moyo kazi kubwa. Nikapimwa moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti. Alhamdulillahi.

Kwa hiyo dada, omba kliniki ya watoto muhtasari wa matibabu kabla hamjaagwa: aina ya saratani, mwaka, kila dawa na jumla ya dozi, mionzi kama alipigwa. Saratani ya damu nayo mara nyingi hutibiwa kwa dripu hiyo nyekundu, basi muulize daktari eko iwe kila miaka mingapi, hutegemea dozi. Mtoto apige picha muhtasari huo kwa simu yake, si yako. Na wazazi wenzangu, acheni kuwajibia watoto! Wa miaka 12 anaweza kutaja ugonjwa wake.

Safari hii nenda naye, lakini kaa benchi la nje. Akisahau jina la dawa, atatoka kukuuliza.