Eti kahawa inakatwa kodi ya kaboni?

SWALI: Shikamoo mzee. Kijana wa mnunuzi amekuja shambani, kasimama katikati ya mibuni na simu yake, kaandika namba. Kisha akasema msimu huu watatukata kidogo kila kilo kwa sababu Ulaya imeweka kodi ya kaboni. Nina ekari mbili alizoniachia mama. Moshi gani ninaoutoa mimi?
Mkulima, Kalinzi, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijana huyo amechanganya sheria mbili, na mchanganyo wenyewe unamfaa bosi wake.

Kodi ya kaboni ya mpakani ipo kweli. Umoja wa Ulaya ulianza kudai taarifa Oktoba 2023, na gharama yenyewe inahesabiwa kuanzia 2026. Viwanda vyao vikubwa viko kwenye soko la kulipia hewa chafu tangu 2005, vikalalamika kwamba chuma cha nje kinaingia bila kulipia chochote. Tena kiwanda kikihamia kusikolipwa, moshi unaopanda ni uleule. Hoja hiyo naikubali. Lakini orodha yake ni saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, umeme na haidrojeni. Kwa Afrika, aliyekuwa wa kuhofu ni kama Msumbiji, ambayo aluminiamu yake nyingi ilikuwa ikienda Ulaya. Kahawa haimo.

Kilichomleta kijana kwako ni sheria nyingine, ya misitu, nayo ni ya 2023. Inataka kahawa iingiayo Ulaya isiwe imetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Haina kodi hata senti. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo anayekwambia mambo yameshafungwa anakutisha tu.

Ili kuthibitisha hilo, mahali shamba lilipo lazima paonyeshwe kwenye ramani. Shamba lisilozidi hekta nne, yaani kama ekari kumi, linatosha nukta moja ya ramani. Nukta hiyo huandikwa kwa namba mbili, na kwako zitakuwa hivi: moja inaanza na hasi 4, nyingine na 29, kila moja ikiwa na tarakimu sita baada ya alama ya desimali. Ziangalie mwenyewe kwenye kioo cha simu kabla hajaondoka. Akizigeuza, ya pili ikatangulia, ramani itakuonyesha unalima kahawa jangwani Sahara, na mzigo wako utakwama kwenye makaratasi.

Hapa ndipo ninapogomba na wakubwa. Sheria inambana mwagizaji wa Ulaya, si wewe, ila gharama ya kuthibitisha hushuka ngazi kwa ngazi mpaka ikutane na asiye na wa kumsukumia. Shamba kubwa hupimwa mara moja na gharama ikagawanywa kwa magunia mengi. Ninyi wa ekari mbili mbili mnafuatwa mmoja mmoja. (Na waliomaliza misitu yao zamani, tarehe hiyo ya 2020 haiwagusi.)

Sasa fanya hivi. Mwambie aandike makato hayo kwenye stakabadhi, ayaite kwa jina lake: gharama ya upimaji, kiasi gani, na kwa msimu mmoja au kila msimu, maana shamba halihami. Akipiga chenga, peleka suala kwenye mkutano wa chama cha msingi, mpimwe wote kwa pamoja na namba zibaki kwenye daftari la chama. Mnunuzi mwingine akija mwakani, atazikuta tayari, hatakuwa na cha kukukata.